C-Class au BMW 3 Series: mambo ya kukagua kabla hujatuma pesa Japani

Bei ndiyo iliyoleta mjadala huu. Mercedes-Benz C180 na BMW 320i, magari yaliyokuwa ya wakurugenzi, leo yamepangwa kwenye yadi za Dar es Salaam na Nairobi ubavuni mwa Toyota Crown na Mark X, na kwenye matangazo ya wauzaji wa Japani mara nyingi yanaonekana rahisi kuliko Harrier ya umri uleule. Kila kijiwe sasa kina mtaalamu wake. Mmoja anasema BMW itakufilisi kwa spea. Wa pili anasema Benzi ni Benzi, ukishanunua umemaliza. Wa tatu anakushauri uchukue dizeli kwa sababu inanusa tu mafuta.

Swali la "C-Class au 3 Series?" halijibiki likiulizwa hivyo. Ndani ya jina 320i mna injini mbili za petroli zenye tabia tofauti kabisa, na ndani ya jina C200 mna mbili vilevile. Kuchagua kwa jina ni kuposa ukoo: ukoo unaweza kuwa na sifa zote, lakini utakayeishi naye ni mtu mmoja. Hapa tunachukua vizazi viwili vinavyoingia kwa wingi, yaani C-Class ya W205, iliyoanza mwaka 2014, na 3 Series ya F30, iliyouzwa kuanzia 2012 hadi 2018, na kuangalia kinachotenganisha gari zuri na gari la kulaza gereji.

Namba za nyuma zinamaanisha nini

Magari haya huitwa sedani ndogo za kifahari. "Ndogo" hapo ni nafasi yake kwenye ngazi ya kiwanda: C iko chini ya E na S, na 3 iko chini ya 5 na 7. Kwa vipimo si madogo. W205 ina urefu wa milimita 4,686 na F30 milimita 4,624, yaani yote mawili hayapishani sana na Premio. Buti zote mbili ni lita 480. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni 2,840 kwa Benzi na 2,810 kwa BMW. Anayesema Benzi ina nafasi zaidi hajakudanganya, ila ni sentimita 3, na abiria wa katikati kiti cha nyuma ataona shida kwenye magari yote mawili, maana yanaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma na kuna handaki la propela shafti katikati ya miguu yake.

W205 na F30 ni majina ya vizazi. Muuzaji akikwambia "C-Class ya 2014", muulize ni W204 au W205, kwa sababu mwaka huo vyote viwili vilipatikana. Vizazi vya nyuma, W204 na E90, vina orodha yao ndefu ya magonjwa: kufuli ya stelingi inayokufa kwenye W204, moshi wa bluu kutokana na sili za valvu kwenye E90 za 320i. Bei yake inavutia, lakini hiyo ni makala nyingine.

Sasa namba za kwenye buti. Zamani C200 ilikuwa na cc 2,000 na watu wakaridhika. Siku hizi namba hiyo ni daraja la nguvu tu. C180 ya W205 iliyouzwa Japani ina injini ya cc 1,595 yenye nguvu ya farasi 156. C200 ya kabla ya mwaka 2018 ina cc 1,991 na farasi 184. C200 ya baada ya maboresho ya 2018 ina cc 1,497 tu, farasi walewale 184, ikisaidiwa na mota ndogo ya umeme wa volti 48. Upande wa BMW, 320i ina lita 2 na farasi 184, na 328i ina lita 2 zilezile zilizorekebishwa zitoe farasi 245. 318i ya miaka ya mwisho ya F30 ina silinda 3, cc 1,498, farasi 136. Petroli zote za W205 na F30 nilizotaja zina turbo. Kwa hiyo anayekimbia BMW "kwa sababu ya turbo" na kwenda Benzi amekimbilia turbo nyingine.

Njia ya uhakika ya kujua injini ni kusoma kodi ya modeli (yaani msimbo wake, si ushuru) ambayo Wajapani huiandika kwenye karatasi ya mnada na kwenye cheti cha kusafirisha gari nje. Kwa F30, ukiona 3B20, hiyo ni 320i yenye injini inayoitwa N20. Ukiona 8A20, ni 320i yenye injini mpya zaidi, B48. 8E15 ni 318i ya silinda 3. Kwa W205, 205040 ni C180 na 205042 ni C200 ya lita 2. Herufi tatu zinazotangulia, kama DBA, ni daraja la moshi na zisikuhangaishe.

Usitegemee sura ya gari kwa hili. F30 ilibadilishwa taa na bampa mwaka 2015, na mafundi wengi wanaamini kila yenye sura mpya ina B48. Si kila soko lilibadilishiwa injini siku ileile na sura. Zipo za sura mpya zenye N20. Kodi ndiyo inayosema kweli.

Injini, mahali pesa inapopotelea

Cheni ya taimingi ni mnyororo unaounganisha kranki shafti na kemshafti, ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Mnyororo huo haupiti hewani. Unateleza juu ya reli za plastiki zinazouzuia kuyumba. Kwenye N20 za miaka ya mwanzo, reli hizo hukauka kwa joto, zikawa za kahawia, kisha zikakatika. Vipande huangukia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la bomba linalonyonya oili. Presha ya oili ikishuka, kinachoathirika kwanza ni turbo na beringi. Huku juu cheni iliyokosa reli inalegea, na ikiruka meno ya kutosha pistoni zinakutana na valvu. Hapo hurekebishi tena, unatafuta injini.

Dalili yake ni mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini, kama king'ora cha mbali. Wengi huudhania ni turbo. BMW iliboresha sehemu hizo karibu na mwanzo wa 2015, kwa hiyo 3B20 ya 2012, 2013 au 2014 ndiyo ya kuangalia kwa jicho kali. Fundi anayejua atafungua kifuniko cha filta ya oili, kilicho juu kabisa ya injini na hakichukui hata dakika 10, atatoa karatasi ya filta na kuichambua mikunjo yake. Punje za plastiki za kahawia au vumbi linalometameta vikionekana, mazungumzo ya bei yamekwisha. Ukishaamua kutengeneza, cheni, reli, kikazia cheni na cheni ya pampu ya oili vinabadilishwa kwa pamoja, na sampo inashushwa kusafishwa. Kubadilisha cheni ya juu peke yake ili kuokoa pesa ni kulipa ufundi mara mbili.

B48 imeondokana na balaa hilo kwa kiasi kikubwa. Udhaifu wake uko zaidi kwenye kupooza: plastiki zinazopitisha kulanti (kimiminika cha kupoozea injini), hasa kwenye nyumba ya filta ya oili, hupasuka polepole na kulanti hupungua bila kuona tone chini. Cheni yake iko upande wa giaboksi, kwa hiyo siku ikihitaji kuguswa, kazi ni kubwa.

Jambo moja linalowaponza wenye BMW hizi ni kwamba nyingi hazina kijiti cha kupimia oili. Kiwango kinasomwa kwenye skrini, gari likiwa limesimama pasipo mteremko na injini imeshapata joto. Dereva aliyezoea kufungua boneti asubuhi anakuta hakuna cha kuchomoa, anaacha, na anakumbuka taa nyekundu ikiwaka akiwa Chalinze.

Benzi za C180 na C200 za lita 2 zinatumia familia moja ya injini, M274. Hii haina historia mbaya kama ya N20, ila si malaika. Ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, baadhi hutoa mlio wa kukwaruza kwa sekunde moja mbili kisha zikatulia. Mlio huo unatoka kwenye gia za kemshafti, zile zinazobadilisha muda wa valvu. Zikichakaa hazirudi kukaa sawa injini ikizimwa. Ukipuuzwa kwa miezi, cheni nayo inaumia. Kuna pia sumaku mbili za mbele ya injini zinazoongoza gia hizo. Zikianza kuvujisha, oili hupanda ndani ya waya kidogo kidogo hadi kwenye sensa na kompyuta. Kukagua ni rahisi mno: chomoa plagi ya sumaku, tazama ndani. Ikiwa kavu, sawa. Ikiwa na oili, jiulize imefika wapi. Pampu ya maji na nyumba ya themostati huanza kuvujisha kadiri miaka inavyokwenda, na joto la kwetu linaharakisha.

C200 ya cc 1,497 ni gari tamu kuendesha na haina kelele ya kuwaka wala kuzima kwenye foleni. Lakini ile mota ya volti 48 ina betri yake ya lithiamu, na hiyo si kazi ya fundi wa umeme wa kawaida. Kama uko Mwanza au Kisumu na aliye karibu ni huyo wa kawaida, C180 ya zamani ni salama zaidi kwako.

Kuhusu oili, BMW hizi huchukua takriban lita 5 na Benzi kati ya 6 na 7 kulingana na toleo. Ukienda gereji na dumu moja la lita 4, utarudi dukani kwa yote mawili. Kwenye dumu tafuta maandishi, usitafute jina zuri: kwa petroli za BMW, LL-01, kwa Benzi, MB 229.5. Oili inayosema tu 5W-30 bila idhini hiyo haitoshi kukuhakikishia. Vitabu vya Ulaya vinaruhusu kilomita nyingi kati ya servisi na servisi, BMW hata zaidi ya 20,000. Kwa foleni zetu, vumbi letu na joto letu, badilisha kila kilomita 8,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Reli za N20 nyingi zilizokatika zimekatikia kwenye magari yaliyoamini kompyuta.

"Giaboksi hii haibadilishwi oili maisha yote"

Maneno haya yamechapishwa hata na watengenezaji wa magari, na yameua giaboksi nyingi. F30 inatumia giaboksi ya gia 8 iliyotengenezwa na ZF, na ZF wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. W205 za mwanzo zina giaboksi ya Mercedes ya gia 7, ambayo kiwanda kinaitaka ibadilishwe kwenye 125,000; za baadaye zina gia 9. Gari la Japani lenye kilomita 70,000 litafika umri huo mikononi mwako.

Kwenye ZF, sampo ni ya plastiki na filta imejengwa humohumo, hivyo unanunua sampo nzima, si gasketi. Kiwango cha oili hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa na joto maalumu, karibu nyuzi 40, linalosomwa kwa mashine. Fundi akimimina hadi ijae na kufunga, bila kupima joto, amekupa giaboksi yenye oili pungufu au iliyozidi, na baada ya wiki mbili itaanza kugonga ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Kwa ubora, hizi mbili sioni ya kumcheka mwenzake. ZF ni nyepesi zaidi kubadilisha gia, ya Mercedes ni laini zaidi, na zote zinadumu zikihudumiwa.

Tahadhari kwa anayetoka kwenye Toyota. Magari haya mawili, japo usukani uko kulia, yana mkono wa indiketa upande wa kushoto. Kwenye BMW, ukisahau utawasha waipa na watu watacheka. Kwenye W205 mkono wa kulia wa usukani ni gia. Ukiupandisha kwa mazoea ukidhani unaashiria kukata kona, gari linakwenda neutro katikati ya barabara, injini inavuma na gari haliendi. Halivunjiki kitu, ila mwambie kila utakayemwazima gari.

Matairi na miguu

Hapa ndipo F30 inapopata jina baya bila kosa la injini. Nyingi zilitoka kiwandani na matairi yanayoweza kukimbia bila upepo, na kwa sababu hiyo hazina tairi la spea wala shimo la kuliweka. Ubavu wa tairi hilo ni mgumu. Ukipata pancha unaendelea hadi kilomita 80 hivi kwa mwendo usiozidi 80. Ubaya ni kwamba ugumu huohuo unapeleka kila shimo moja kwa moja kwenye rimu, bushi na kiuno cha abiria. W205 nyingine za Japani nazo zinayo. Tazama ubavuni: BMW huandika RSC, Benzi huandika MOE. Ukibadilisha ukaweka matairi ya kawaida gari linatulia mno, ila ubebe pampu ya umeme na vifaa vya kuziba pancha, kwa sababu spea bado huna.

Kisha saizi. Toleo la kawaida la magari haya lenye rimu 17 lina 225/50 R17 pande zote nne, saizi inayopatikana kirahisi. Matoleo ya kimichezo yenye rimu 18 hutofautisha mbele na nyuma: F30 ya M Sport ina 225/45 mbele na 255/40 nyuma, W205 ya AMG Line ina 225/45 na 245/40. Maana yake huwezi kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma ili yaishe sawasawa, ya nyuma yanakwisha kwanza, na ni ya bei kubwa. Picha ya M Sport inavutia kwenye simu. Kwenye matuta ya barabara ya kwenda kwako, toleo la rimu 17 ndilo gari.

Baadhi ya W205 zina mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Zikiwa nzima, hakuna sedani ya daraja hili inayozifikia kwa ulaini. Mfuko ukianza kuvuja, kompresa inafanya kazi bila kupumzika hadi inaungua, na unanunua vyote viwili. Kuzijua: kuna swichi ya kuinua gari karibu na vitufe vya redio, yenye alama ya gari na mshale. Kwa gari lililoko hapa nchini, liache lilale usiku mzima. Asubuhi pima kwa vidole nafasi kati ya tairi na fenda pande zote nne. Kona iliyoshuka inavuja.

Dizeli

Zipo 320d na C220d, na kweli zinakula mafuta kidogo. Tatizo liko kwenye chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na kuyachoma kunahitaji gari likimbie mfululizo kwa dakika kadhaa likiwa na joto. Anayetoka Mbezi kwenda Posta kwa foleni kila siku halipi chujio nafasi hiyo. Linajaa, injini inakosa nguvu, taa inawaka, na kishawishi kinachofuata ni kulikata. Isitoshe, Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa, lakini injini hizi zilibuniwa kwa 10. C220d pia hutumia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, ambacho kikiisha gari linakuhesabia kilomita zilizobaki kabla halijakataa kuwaka. Na 320d za mwanzo zina cheni upande wa nyuma wa injini, yenye sifa zake mbaya. Kwa dereva wa Dodoma hadi Arusha kila wiki, dizeli ina hoja. Kwa wa mjini, achana nayo.

Gari rahisi Japani, ghali bandarini

Tanzania haikatazi gari kwa umri, ila inatoza ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10 tangu kutengenezwa. Huo ni juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini za zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, VAT ya asilimia 18 na tozo ndogondogo. Chukua mfano wa gari ambalo TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, imelithamini kwa shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha unalifikisha milioni 12.5. Asilimia 30 ya hapo ni 3,750,000, na kwa kuwa VAT inatozwa juu yake pia, uchakavu peke yake unakugharimu 4,425,000. Kwenye kundi la asilimia 15 ni nusu ya hiyo. F30 za mwanzo, zilezile zenye N20 ya kutiliwa shaka, ndizo zinazoangukia asilimia 30. Kabla hujazungumza na muuzaji, weka mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA. Thamani inayotumika ni ya mfumo wao, si ya risiti yako.

Kenya ina mlango mwingine: gari lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. F30 ziko ukingoni au nje ya mlango huo, hivyo Mkenya anayeitaka huinunua kwa mwenye nayo. Ushuru wa bidhaa huko ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500 na 25 kwa nyingine za magari haya. Kwa hiyo C200 ya cc 1,497 inaingia kundi la chini na C180 ya cc 1,595 kundi la juu. Ni kichekesho, lakini ndivyo ilivyo.

Wengine huogopa wakigundua gari lao limeunganishwa Afrika Kusini. Mercedes ina kiwanda East London na BMW ilitengeneza 3 Series Rosslyn hadi 2018, na vyote viliuza nje magari ya usukani wa kulia. Hakuna ubaya wowote hapo.

Karatasi, kisha sikio

Kwenye karatasi ya mnada, namba 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 ni ya kuuliza maswali, R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni sehemu iliyobadilishwa. A1 nyingi zisikukoseshe usingizi. XX kwenye boneti pamoja na W kwenye fenda zote mbili ni ajali ya mbele, hata kama namba ni 4. Omba picha ya cheti cha kusafirisha nje, ambacho huonyesha kilomita za ukaguzi, ulinganishe na dashibodi.

Gari likiwa tayari hapa nchini, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, amekuficha mlio wa asubuhi, rudi siku nyingine. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha oili utazame ndani: weusi wa kawaida sawa, ukoko mzito kama lami ni servisi zilizorukwa. Tazama tangi la kulanti. Rangi ya maji ya bomba maana yake aliongeza maji, na chumvi yake imeanza kula ndani. Liwashe, kaa kimya sekunde 10 za kwanza. Kisha fundi apime kwa kompyuta moduli zote, si injini peke yake. BMW huhifadhi kilomita kwenye moduli zaidi ya moja, na zikipishana sana umeshajua kilichotokea. Orodha ya makosa iliyo tupu kabisa kwenye gari la miaka 9 nayo inatia shaka: huenda imefutwa asubuhi hiyohiyo.

Spea

Kinachowafilisi wengi ni kuchagua kati ya ncha mbili, ama boksi lenye nembo ya nyota kwa bei ya kutisha, ama feki la bei ya kutupa. Katikati kuna wale wanaovitengenezea viwanda hivi: Lemförder kwa mikono na bushi, Sachs kwa shokapu na ZF kwa giaboksi, Mahle na Mann kwa filta, Elring na Victor Reinz kwa gasketi, Bosch kwa plagi na sensa. Mara nyingi ni kifaa kilekile ndani ya boksi jingine. Agiza kwa namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, usiagize kwa "ya 320i ya 2014", maana umeshaona 320i ni ngapi. Vya mtumba kutoka Sharjah vinafaa kwa taa, milango, vioo na viti. Pampu ya maji, plastiki za kulanti na cheni usinunue mtumba, vimeshaishi joto la Ghuba.

Betri ya F30 ikibadilishwa lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo mfumo wa kuchaji utaendelea kuilisha kama ni ile kuukuu na haitafika mbali. Ni kazi ya dakika 5 kwa mwenye mashine, na fundi asiye nayo atakwambia haina haja.

Nikilazimika kupanga: 320i ya 8A20 yenye rimu 17 na C180 ya 205040 yenye springi za chuma ziko sawa kwa uaminifu, na hapo chagua kwa moyo, BMW kama unapenda kuendesha, Benzi kama unapenda kuendeshwa. C200 ya 205042 inafuata. 3B20 ya kabla ya 2015 naiweka mwisho, isipokuwa bei yake ikiwa pungufu kwa kiasi cha kazi nzima ya cheni na reli, na ukaifanya kazi hiyo wiki ya kwanza. Lolote utakalochukua, tenga pesa ya kuanzia kando ya bei: oili na filta zote, kulanti mpya iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, oili ya breki, plagi, na oili ya giaboksi kama kilomita zimepita 80,000. Kabla ya kumwaga kulanti ya zamani, mwambie fundi apime presha ya mfumo kwa pampu ya mkono injini ikiwa baridi, kwa sababu plastiki iliyopasuka ni nafuu kuigundua kabla hujamimina kulanti mpya juu yake.